Mikate ya Mapera ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kengele ya misa nilikuwa nikipalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Chini moto mdogo, juu moto uliozidi kidogo, ndani mkate wa baba. Unga wa ulezi niliukanda kwa yai na karanga zilizopondwa, nikatandaza tabaka moja. Katikati niliweka mapera yaliyochemshwa na kupondwa pamoja na ukwaju, halafu tabaka lingine juu. Ukiiva niliukata vipande virefu kama vya mche wa sabuni, nikampelekea baba viwili, ndipo nikaenda shuleni kufundisha. Baba hakuviita mikate hata siku moja.

"Pelagia, lete sabuni yangu nioshe tumbo," alikuwa akisema, na hapo nilijua ameamka salama.

Asubuhi ile sikusikia sauti yake. Nilisikia baiskeli ikitupwa chini uani, na baba mdogo Gaspar akaingia jikoni bila hodi, suruali imelowa hadi magotini.

"Wanakuja," alisema.

"Nani?"

"Wakwe zako, nani mwingine? Wamelala ng'ambo ya mto. Sasa hivi wanavuka kwa mtumbwi. Mchana watakuwa hapa."

"Si walisema baada ya Pasaka?"

"Wanasema mvua ikizidi hawatafika kabisa, basi wamewahi. Na kibuyu wanacho, nimekiona kwa macho yangu. Wee mtoto, kile si kibuyu. Kile ni mtungi!"

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaanza kukamua suruali.

Krispini, aliyekuwa akiniposa, ni seremala. Alikuja kijijini kwetu Usevya kupaua darasa letu. Watu wa ukoo wake wanatoka Sibwesa, na ni warina asali tangu mababu. Kwao posa haipelekwi kwa maneno matupu. Wanaleta asali aliyoirina kijana mwenyewe, na baba wa msichana anaketi mbele yao anaila mpaka kibuyu kinabaki kitupu. Akibakiza, amesema kijana wao ni mvivu na binti haendi. Akimaliza, wanapiga vigelegele na mambo ya ng'ombe yanaanza. Sisi Wapimbwe hatuna desturi hiyo, lakini baba alikuwa amekubali. Alisema mgeni haji kwako na mlango wake, anaingia kwa mlango wako, ila ukimpenda unainama naye.

Baba alikubali kabla hajaugua.

Mwezi wa kumi alianguka shambani akiwa na jembe mkononi. Wakampeleka Mpanda kwa lori la pamba, na huko daktari akasema ni ugonjwa wa sukari. Akarudi na sindano, na maagizo kwa Severini, dresa wa zahanati yetu, amchome kila siku. Sasa dawa ilikuwa imekwisha, si Usevya tu, hata Mpanda kwenyewe. Ilikuwa ikingojewa kuja na treni. Severini alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, mpaka dawa ifike, baba yako anaishi kwa mdomo wake. Kitu kitamu kikipita hapo, mimi sina la kufanya."

Chuoni masista walitufundisha kupika kwa ajili ya wagonjwa, na hicho ndicho nilichokuwa nacho. Niliacha sukari, nikaacha ngano, nikachagua mapera ambayo hayajaiva sana, tena machache. Baba alikuwa ameanza kukataa chakula kwa sababu kila kitu, alisema, kina ladha ya majivu. Harufu ya pera ndiyo iliyomrudisha mezani.

Asubuhi ile nilimkuta baba amekaa kitandani, mtungi wa maji ya kunywa uko mtupu miguuni pake. Usiku uliotangulia niliujaza mimi mwenyewe. Nyuma ya nyumba, mahali baba alipokwenda haja ndogo na ambapo binti hapaswi kutazama, nilikuwa nimewaona sisimizi wamejipanga kufuata utamu.

"Baba, wageni wanakuja leo."

"Nimesikia. Gaspar ana sauti ya ng'ombe."

"Tuwaambie unaumwa."

"Tuwaambie nini? Kwamba damu ya Baltazari ina ugonjwa? Kesho watauliza kama na binti yake anao. Keshokutwa watoto wake. Utakaa hapa unanipikia sabuni mpaka nywele zako ziwe nyeupe."

"Nitakaa."

"Sikukusomesha ukae." Akaanza kutafuta kanzu yake. "Asali ya mchana mmoja haijaua mtu. Babu yako alikuwa anaila kwa kata."

Nilitaka kusema kwamba babu hakuwa na ugonjwa huu. Nilitaka kusema mengi. Lakini mimi nikiwa mbele ya watu wazima maneno hunikwama kooni kama mwiba wa samaki, na tangu utotoni watu walisifu jambo hilo wakaliita adabu. Hata Krispini alipotuma habari, shangazi Verdiana aliponiuliza kama namtaka, nilitazama chini tu. Kwetu msichana akitazama chini huhesabiwa amekubali. Hakuna aliyewahi kunisikia nikisema ndiyo.

Shangazi alifika kabla jua halijawa kali, kikapu kichwani, akitoa amri tangu njiani. Mama yangu alikwisha kufariki, hivyo siku hiyo nyumba ilikuwa ya shangazi. Nilimfuata jikoni nikamwambia alichosema Severini, kwa sauti ndogo, nikishika ncha ya khanga yangu.

"Kwa hiyo unataka nini, mwanangu?"

"Asali iliwe pamoja na mikate yangu. Baba mdogo Gaspar achovye asali, amalize kibuyu. Baba ale mikate tu. Mdomo wake utakuwa unatafuna kama wengine, hakuna atakayeaibika."

Gaspar alikuwa akisikiliza mlangoni. "Mimi nimalize mtungi ule? Nikifa mniandikie kaburini, amekufa kwa ajili ya harusi."

"Wewe hujawahi kukataa cha bure," shangazi alimjibu. Akanigeukia, akanishika kidevu. "Sawa. Nitawaambia wale wakwe kwamba kwetu ndugu wawili hula kwa mkono mmoja. Pika."

Nilioka sufuria mbili. Mkate wa kwanza uliungua ukingoni, nikaukwangua kwa kisu. Nilipanga vipande kwenye sinia kubwa ya bluu, nikavifunika kwa kitambaa. Ndipo tukasikia wageni wakiimba njiani, na shangazi akanisukuma ndani.

"Ingia chumbani. Anayeposwa haonekani mpaka aitwe. Hiyo sinia niachie mimi."

Chumba changu kina dirisha dogo lenye mkeka wa matete, linalotazama uani. Niliketi sakafuni chini ya dirisha na kuona kupitia nafasi za matete. Wageni walikuwa wanne, na kiongozi wao mzee Silvesta, mjomba wake Krispini, mtu mrefu mwenye makovu ya nyuki mikononi. Kibuyu alikiweka mbele ya baba kwa mikono miwili. Gaspar alikuwa amesema kweli kuhusu ukubwa wake.

"Mzee Baltazari," Silvesta alisema, "kijana wetu amepanda miti saba kwa ajili ya hiki. Ameumwa na nyuki mpaka jicho moja likafumba. Tulimwambia, ukioa ukiwa kipofu, mke atakuibia."

Watu wakacheka. Baba alicheka pia, lakini niliona anajilamba midomo, jinsi alivyofanya akiwa na kiu mbaya.

Shangazi akaanza maneno yake ya ndugu wawili na mkono mmoja. Aliyasema vizuri kuliko nilivyotarajia. Silvesta alitikisa kichwa, akafikiri, akasema desturi ya mwenyeji iheshimiwe, mradi kibuyu kiishe. Gaspar akajongeza kigoda. Nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Shangazi akaenda jikoni kuchukua sinia. Alikawia. Nilisikia vyombo vikigongana, nikafikiri anatafuta maji ya kunawa. Alipotoka, sinia ilikuwa kichwani na kitambaa kimeondolewa. Akaiweka mbele ya baba, na hapo nikawaona nyuki.

Wa kwanza alikuwa mmoja. Kisha watatu. Kibuyu kilikuwa bado kimezibwa kwa nta, hakuna aliyekigusa. Nyuki walikipita, wakatua juu ya mikate.

Nilijiambia ni harufu ya pera. Lakini kila asubuhi nilipika mapera yale yale hapo hapo nyumbani, na sijawahi kufukuza hata nyuki mmoja. Nikabana jicho kwenye matete. Pembeni mwa vipande, tabaka la katikati lilikuwa linang'aa. Uji wa mapera na ukwaju haung'ai. Na ulikuwa unachuruzika polepole, ukishuka kwenye sinia kama uzi.

Nilikimbilia dirisha la nyuma linalotazama jikoni. Juu ya kinu palikuwa na chupa ya asali aliyokuja nayo shangazi kikapuni, nusu yake imekwisha, na kisu changu kimechomekwa humo. Alikuwa amepasua kila kipande katikati, akapaka, akafunika tena.

"Shangazi," niliita kupitia mlango, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. "Shangazi!"

Alikuja mpaka mlangoni, uso umejaa furaha. "Nyamaza, mwari. Unataka nini?"

"Umeweka asali."

"Nimeonja. Ukwaju ulinibana mpaka masikio. Ungewalisha wakwe uchachu ule wakasema tumewanunia? Chuo chenu kiliwafundisha kupika au kuadhibu watu?"

"Baba amekatazwa!"

"Amekatazwa sukari." Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Sukari ya dukani, ile nyeupe, ya Wahindi. Sijaweka hata punje, nimemwogopa Mungu. Asali ni dawa. Mtoto akizaliwa anapewa nini? Mwenye kikohozi anapewa nini? Mtungi mzima ungemlemea, ndiyo maana nilikubali Gaspar aumalize, lakini kidogo hiki nimempa kaka yangu dawa."

Na alikuwa anaamini. Macho yake yalikuwa safi kabisa. Kwa muda wote tangu mwezi wa kumi nyumba nzima ilikuwa imeficha sukari, chai ya baba ilikuwa chungu, na zaidi yangu hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu asali kuwa kitu cha aina ile.

"Shangazi, iondoe. Nakuomba."

"Niondoe chakula mbele ya wakwe? Unajua maana yake?" Akanisukuma kifuani kwa vidole viwili, akavuta mlango.

Nilirudi kwenye matete, nikamwona Gaspar amekwisha zibua kibuyu, anachovya na kulamba vidole huku akiguna ili wageni wafurahi. Baba alinyoosha mkono kwenye sinia. Akachagua kipande, akafukuza nyuki kwa mkono mwingine. Alikuwa anatabasamu. Alidhani ni sabuni yake. Alikuwa na njaa tangu asubuhi, na katika vitu vyote vilivyokuwa mbele yake hicho ndicho alichokiamini, kwa sababu kilitoka mkononi kwangu.

Akamega na kuweka mdomoni.

Nilimwona akiacha kutafuna. Utamu ulikuwa umemfikia. Akatazama kipande, akamtazama Silvesta aliyekuwa akimsubiri kwa macho, akaanza kutafuna tena, taratibu. Akameza. Akakiinua kile kilichobaki.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka tope la uani lilikuwa la baridi na kwamba sikuwa na viatu wala ushungi. Nilipita katikati ya wageni, nikashika mkono wa baba yangu mbele ya watu, nikamnyang'anya chakula kilichokuwa karibu na mdomo wake. Kisha nikaichukua sinia yote nikaiweka chini nyuma yangu. Nyuki walinifuata.

Hata Gaspar aliacha kulamba.

"Pelagia!" Shangazi alishika kichwa. "Jamani, mtoto huyu! Ana homa, msimjali, ana homa tangu jana."

"Sina homa," nilisema.

Silvesta alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alikifunika kibuyu kwa kiganja.

"Binti, mimi nimepeleka posa nyingi," alisema. "Tumewahi kufukuzwa na mbwa. Tumewahi kumwagiwa maji. Lakini mwenye kuposwa kutoka mwenyewe na kumpokonya baba yake chakula, hilo sijaliona. Kwetu maana yake ni moja tu. Umemkataa kijana wetu?"

Wenzake walikwisha anza kukusanya fimbo zao.

"Mwambie hapana, Pelagia," baba alisema kwa sauti ya chini. "Omba radhi, rudi ndani. Mimi nitakula." Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, na alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa naye, akiniomba.

Nilitazama chini, kama kawaida yangu. Kisha nikaona wote wananisubiri, na kwamba kutazama chini siku ile kungeweza kuhesabiwa lolote. Nikainua uso.

"Baba yangu ana ugonjwa wa sukari," nilisema. "Sindano zimekwisha. Asali ni sukari, shangazi, hata ikitoka porini, hata ikiwa dawa kwa wengine. Akimaliza kile kibuyu tutamzika. Mkitaka kuondoka kwa sababu ya ugonjwa wake, ondokeni, lakini msiondoke mkisema nimemkataa Krispini. Namtaka. Hakuna aliyeniuliza nikajibu kwa mdomo, basi najibu leo: namtaka. Na baba yangu namtaka pia, awe hai."