Sababu ya Kuganda

Jina la mtoto lilikuwa limeandikwa mpaka herufi ya nne, J-O-V-I, kishale kikasimama. Danielle aliinua mkono kutoka kwenye kipanya, akasubiri. Duara dogo la buluu lilizunguka katikati ya kioo, likazunguka, kisha nalo likaganda.

Ng'ambo ya dirisha la kaunta, Spès alikuwa ameushika ukingo wa mbao kwa vidole vyote kumi. Ilikuwa mara yake ya nne. Mabasi ya Gatumba yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta, kwa hiyo mara zote nne alikuja kwa miguu, na vumbi la barabara lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Imekufa tena?"

"Imesimama, Mama Jovithe. Niache kidogo."

"Mi nasubiri. Nimetoka nyumbani saa kumi na moja ya asubui, siwezi kushindwa kusubiri."

Danielle alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja ili kufungua orodha ya programu. Orodha ilichukua dakika sita kutokea. Kumbukumbu ya mashine imejaa. Diski imeelemewa, mia kwa mia. Sawasawa na jana, sawasawa na mashine nyingine tano zilizopangwa ukutani. Nje, foleni ya watu wanaotaka hati za kuzaliwa ilikuwa imezunguka jengo na kurudi tena getini.

"Andika na mukono, kama zamani," Spès alisema. "Mutoto yangu anangojewa. Ijumaa shule inafunga liste ya mutihani. Hati yake ya kwanza maji ya muto Rusizi ilibeba, pamoja na kitanda."

"Ya mkono hawapokei tena. Lazima iwe na ile alama ya mraba inayotoka kwenye mashine."

"Na mashine haitoe."

Danielle alimwomba arudi Ijumaa asubuhi.

Kompyuta zile zilikuwa kuukuu, lakini zilikuwa zikifanya kazi. Kisha ukaja mradi wa wafadhili wa kubadilisha mfumo, diski na kumbukumbu. Arnaud, shemeji wa mkuu wa ofisi, alizichukua zote sita kwa gari, akakaa nazo siku kumi, akazirudisha zikiwa na mfumo mpya, picha ya mlima wenye theluji na mlio mzuri wa kuwaka. Tangu siku hiyo Danielle, fundi wa ofisi, hakupumzika. Alizima programu zinazojiwasha zenyewe. Aliondoa masasisho ya mwisho, moja baada ya jingine. Alibadilisha programu inayoendesha kioo, akafuta mafaili ya takataka, akagusa kila mashine kwa kiganja kupima joto kama mtu anayepima homa. Kila mara mashine ilitembea robo saa, ikaganda. Siku ya kwanza tu aliona kwamba kumbukumbu ni ileile ya zamani, akaenda kuuliza. Akaambiwa kila kitu kimebadilishwa, kilichobaki ni wao wenyewe kuzoea.

Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, alichukua bisibisi akafungua kifuniko.

Vumbi lilikuwa limelala ndani kama blanketi la kijivu, halijaguswa. Nafasi ya pili ya kumbukumbu ilikuwa tupu, buibui amejenga humo. Na juu ya diski palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi chenye maandishi ya kalamu ya buluu: *12/03/2014, D.* Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na minne alipoiweka diski ile, katika mkataba wake wa kwanza wa miezi mitatu. Miaka kumi na mmoja imepita na bado alikuwa kwenye mkataba wa miezi mitatu.

Alifungua mashine ya pili, na ya tatu. Hakuna mkono mwingine uliokuwa umeingia humo baada ya wake.

Alhamisi asubuhi Bonfils, mkuu wa ofisi, alimwita. Alikuwa mtu wa sauti ya upole, mwenye desturi ya kupanga kalamu zake kwa urefu huku akizungumza. Alimsogezea karatasi.

"Danielle, kaa. Jumatatu wafadhili wanakuja kuona kazi. Wameshasikia mashine zinasimama. Wanataka fiche, karatasi ya maelezo ya fundi. Nimekuandikia, utie sahihi tu."

Danielle aliisoma. *Kumbukumbu: imeongezwa. Diski: zimebadilishwa, mpya, sita.* Chini kulikuwa na mstari wenye kichwa *Sababu ya kuganda*, na mbele yake: *Watumishi hawajui kutumia mfumo mpya.*

"Shefu, diski hazijabadilishwa."

"Nani amekwambia?"

"Nimezifungua. Zina mwandiko wangu."

Bonfils alisogeza kalamu moja, akairudisha. "Nani alikutuma kufungua mashine ya serikali?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kufanya zitembee. Ukishindwa, unaandika umeshindwa. Haupaswi kutafuta mambo." Alitabasamu kidogo. "Mkataba wako unaisha tarehe ngapi?"

"Tarehe thelathini."

"Unaona. Mi nafikiria hata kukupa wa mwaka muzima. Umetumika muda mrefu, unastahili. Una watoto?"

"Mama yangu, na wadogo zangu wawili. Tunakaa Ngagara."

"Basi wafikirie wao." Akamnyooshea kalamu ndefu kuliko zote.

Danielle aliipokea. Akapiga mstari juu ya maneno ya Bonfils, mstari mmoja ulionyooka, na pale penye *Sababu ya kuganda* akaandika taratibu, kwa herufi kubwa: *Diski hizi niliziweka mimi mwaka 2014. Hakuna kilichobadilishwa ndani. Mfumo mpya hauwezi kutembea juu yake.* Akatia sahihi, jina lake kamili na tarehe.

"Nimetia sahihi, Shefu."

Bonfils aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaichana, akatupa vipande kwenye kapu. Hakukasirika. Alifungua droo akatoa nakala nyingine iliyo safi.

"Ziko nyingi," alisema. "Nenda ukafikirie."

Usiku ulipita Danielle akifikiria. Hakumwambia mama yake kitu.

Ijumaa foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, maana wazazi wengi walikuwa na shida ileile ya Spès. Mpaka saa tatu hati mbili tu zilikuwa zimetoka. Saa tatu na nusu mashine zote sita zilisimama kwa pamoja. Bonfils alitoka mlangoni, akawatangazia watu kwamba mafundi wameshindwa kazi, wavumilie, warudi wiki ijayo.

"Wiki ijayo liste imefungwa," mtu alisema.

"Mi siyo mwalimu wa shule," Bonfils alijibu, akarudi ndani.

Danielle alichomoa nyaya za mashine yake. Akaibeba kifuani kama mtu anayebeba mtoto mzito, akapita nayo mlangoni, akaiweka kwenye benchi ya saruji barazani, mbele ya watu. Akatoa kifuniko.

"Mumekuja hapa wiki mbili," alisema. "Mumeambiwa ni mfumo, mumeambiwa ni umeme, leo mumeambiwa ni mimi. Sogeeni muangalie. Karatasi inasema hii diski imenunuliwa mwaka huu."

Spès alikuwa wa kwanza kuinama. Alisoma polepole, kidole kikifuata maandishi. "Elfu mbili na kumi na ine." Akainuka. "Ule mwaka mutoto yangu alikuwa na miaka ine. Sasa anafanya concours, ule mutihani."

Wengine wakaja. Waliangalia mmoja mmoja, kama watu wanaopita mbele ya maiti. Mwanamume mmoja akapiga picha kwa simu. Kisha foleni yote ikaacha kuwa foleni, ikasogea mlangoni, na watu wakaanza kumwita Bonfils kwa jina lake.

Sulemani, mlinzi, alitokea pembeni. "Madamu Danielle, shefu anasema nikutoe."

"Nitoe."

Sulemani aliangalia watu, akaangalia mashine. "Wacha nifunge kwanza hii kifuniko. Vumbi itaingia."

"Iache wazi, Sulemani. Waone."

Akaiacha wazi. Akamshika Danielle mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, wakatembea pamoja mpaka getini, na nyuma yao watu waliendelea kuita.

Jumatatu wafadhili walikuja, wakaona mashine mbili zilizoazimwa kutoka ofisi nyingine, wakapewa chai. Mlangoni kulikuwa na tangazo: huduma imesimamishwa kwa sababu ya hujuma ya mtumishi mmoja. Danielle aliitwa polisi mara tatu. Kila mara aliulizwa nani alimtuma, na kila mara alijibu jambo lilelile, kwa maneno yaleyale, mpaka polisi aliyeandika maelezo akaacha kuandika. Stashahada yake ya ufundi waliichukua, ikabaki kwao kama kielelezo. Mama yake alipojua, alisema, "Ungetia ile sahihi, ningekula chakula chako namna gani?" Halafu akaenda kukopa unga.

Siku ya mtihani Spès alimwomba Danielle aje shuleni kueleza. Danielle alieleza. Mkuu wa shule alimsikiliza akiwa amesimama, akasema anamwelewa vizuri sana, lakini asiye na hati hana namba, na asiye na namba hana kiti. Polisi wa getini alirudisha mnyororo.

"Afande, hati yake iko mu mashine," Spès alisema. "Mutoto huyu anasoma. Uliza mwalimu yake."

"Mama, acha kumuomba," Jovithe alisema.

Alikuwa msichana mwembamba, sare yake imepigwa pasi mpaka mistari inaonekana. Kengele ililia. Ndani, viti vilikwaruza sakafu, kisha kukawa kimya. Jovithe akaketi chini, hapo hapo kwenye kokoto, uso kwa uso na geti. Akaweka daftari juu ya mapaja, akafungua kalamu.

Danielle alichungulia. *Mimi Jovithe, nilizaliwa Gatumba tarehe 9 Agosti 2010, mama yangu anaitwa Spès,* aliandika, kisha akaruka mstari akaanza tena upya, *Mimi Jovithe, nilizaliwa Gatumba.*

"We mutoto, toka hapo," polisi alisema.

Hakuinua kichwa. Polisi alifungua mnyororo, akatoka, akasimama mbele yake, kivuli chake kikafunika karatasi. Jovithe akaisogeza palipokuwa na jua, akaendelea.