Ugali wa Namba 104729

Jumamosi ya posho, mwaka 1953, Praxeda alisonga ugali wake wa kwanza katika kambi ya shamba moja la mkonge, mbele kidogo ya Pongwe. Yeye, mumewe Ernesti na binti yao Elizabeti walikuwa wametoka Songea wiki hiyo. Ernesti alikwisha kuwa manamba, na kibati chenye namba yake, 104729, kilining'inia shingoni. Walinawa, wakasali, wakapeleka mikono sahanini. Ernesti akamega. Mkono wa Praxeda ukateleza kama juu ya jiwe la mtoni, na wa Elizabeti vilevile.

Walijaribu kisu. Ugali ulikatika, kisha ukajifunga. Ernesti akala peke yake, kainamisha kichwa, masikio yakiwaka kwa aibu.

Jumatatu alikwenda kwa Idarusi, karani wa shamba, mtu mpole wa Tanga mjini.

“Shikamoo, bwana karani.”

“Marahaba. Ugali haumegeki?”

“Haumegeki.”

Idarusi alichukua chaki, akaigawa ile namba mlangoni kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja. Kila mara kilibaki kitu. Aliendelea mpaka mlango ukajaa.

“Haigawanyiki, ndugu yangu. Inakubali mtu mmoja, basi. Au watu laki moja, elfu nne, mia saba na ishirini na tisa, wakija wote pamoja.”

“Wapo?”

“Ukikusanya mashamba yote mpaka Korogwe, huenda wapo. Lakini hawana ruhusa ya kukusanyika.”

“Basi nipe namba nyingine.”

“Namba haiachwi ila kwa kufa. Na posho ni ya mtu mmoja. Mke umekuja naye kwa hiari yako.” Alisema hivyo bila ubaya wowote, akafuta mlango.

Basi wakawa wanapokezana. Aliyetangulia kumega ndiye aliyekula siku hiyo. Mihogo waliyopewa na majirani, ikishavuka kizingiti, nayo ilishika desturi ya ugali. Walianza na Elizabeti, akafuata mama, kisha baba. Zamu yake ikifika, Ernesti alisema ameshiba, akasukuma sahani kwa mtoto. Elizabeti akanenepa mashavu. Kukata mkonge hakutaki tumbo tupu, na wakati wa masika Ernesti alijilaza kati ya mistari ya mkonge asiamke tena. Praxeda alimlilia, na alimkasirikia sana kwa ule uongo wa kushiba.

Jumamosi iliyofuata Kristofa, mgeni kutoka Njombe, alivishwa kibati kile. Mkewe, Dorkasi, alimkuta Praxeda chumbani akifunga mzigo wake. Praxeda alimweleza habari ya ugali, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake kisima kilipo. Dorkasi hakushangaa.

“Nyie mlianza na nani, dada?”

“Na mtoto.”

Dorkasi akawatazama wanawe wanne waliokuwa wamekaa mlangoni.

“Yupi?” akauliza.