Fomu ya Afya ya Mzee Yugu

Kwa mara ya nne katika wiki mbili, Mariam Poni alifunga safari kutoka Koboko hadi Arua kwenda kugombana na karatasi. Angekuwa anagombana na mtu ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu ukimkaripia vizuri uso wake hubadilika, na hapo unajua umemfikia. Karatasi haibadiliki. Inakaa mezani na mhuri wake, na wewe umeshapoteza nauli.

Shida yenyewe ilianza na zawadi. Kampuni iliyokuwa ikinunua tumbaku ilichagua wakulima wake bora wa mwaka 1993, na mmoja wao akawa baba yake Poni, mzee Yugu wa Dranya, askari wa zamani aliyerudi kutoka ukimbizini Sudan na blanketi moja mkononi akaanza kulima upya. Zawadi ilikuwa kwenda kupumzika melini: siku sita kwenye Ziwa Viktoria, kutoka Port Bell hadi Mwanza na kurudi, kula, kulala na kutazama maji, kazi hakuna. Mzee alicheka wiki nzima. Maishani mwake hakuwahi kusikia mtu analipiwa ili asifanye kazi.

Basi wakaambiwa kila msafiri lazima awe na bima, na bei yake ikakatwa kwenye malipo yao ya tumbaku kabla hata hawajaziona fedha. Poni alikuwa na cheti chake cha shule, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsomea baba yake kadi ya bima, neno kwa neno. Ilisema kwamba mwenye kadi akiugua melini au bandarini, daktari, dawa na kitanda vitalipwa na kampuni ya bima. Poni aliipenda sana kadi ile. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni isije ikalowa.

Siku ya tatu, meli ikiwa imetia nanga Mwanza, tumbo likamshika mzee akajikunja chini kwenye sitaha. Walimkimbiza hospitali ya watu binafsi iliyokuwa karibu, wakamkuta ana kidole tumbo, wakampasua siku hiyohiyo. Walifanya kazi nzuri, hilo Poni hakulikataa. Meli ikarudi na wenzake, na Laku, jirani yao aliyesafiri naye, akaleta habari Koboko pamoja na bili. Sasa kidonda kilikuwa kimefunga, mzee alikuwa anatembea uani na kula ugali wa hospitali, ila jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibanda cha mlinzi wa geti ili asitoke kabla ya kulipa. Mtu aliyepitia vita na kambi za wakimbizi alikuwa mfungwa wa kidole tumbo.

Bima ikikataa, bili ile angeilipa Poni. Hakuwa na ng'ombe wala mume. Mume alikufa mwaka 1987. Alikuwa na vyerehani viwili sokoni Koboko, na vyerehani hivyo ndivyo vilivyolisha watoto watatu, Sule na wadogo zake, na kuwapeleka shule. Mwanamke mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Sudan, Kiden, alikuwa ameshavikagua na kukubali bei. Angekuja kuvichukua Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

Wakala wa bima aliitwa Anguyo, mtu wa Manibe, na jambo lililomkera Poni kuliko yote ni kwamba alikuwa na adabu. Siku ya kwanza alisema kwa upole kwamba mkubwa hayupo. Siku ya pili aliomba kwa upole nakala ya kadi. Siku ya tatu aliomba barua ya daktari, akashukuru, akamsindikiza hadi mlangoni. Mtu wa namna hiyo unamshika wapi? Kila Poni alipotaka kuanza ugomvi, aliletewa kiti.

Leo pia aliletewa kiti.

"Mama Sule, karibu. Watoto iko?"

"Watoto iko. Jibu ya Kampala iko wapi?"

Anguyo alishusha macho, akafungua faili, akatoa fomu yenye kurasa mbili. "Kampala imekataa," alisema. "Inasema baba yako alikuwa na ugonjwa ya tumbo zamani, mbele ya safari. Bima hapana lipa ugonjwa ya zamani."

"Baba yangu hapana na ugonjwa ya zamani. Yeye nabeba mizigo ya tumbaku mwenyewe. Nani alisema iko na tumbo?"

"Yeye mwenyewe." Akamsogezea ile fomu.

Poni alisoma. Kichwa: ndiyo, kidogo, jua likiwa kali. Kifua: ndiyo, wakati wa baridi. Mgongo: ndiyo. Magoti: ndiyo, yote mawili. Macho: yanatoa machozi. Tumbo: ndiyo, kidogo, tangu mwaka 1979. Meno: ndiyo. Usingizi: hauji vizuri. Na chini kabisa, saini ya mzee Yugu, kubwa, ya mwandiko aliofundishwa jeshini.

Poni alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuhitaji kuelezwa ilivyokuwa, aliiona kama vile alikuwepo. Kwao Dranya hakuna mzee anayeulizwa habari za mwili wake akajibu kwamba ni mzima kabisa. Ukiulizwa, unatoa maumivu kidogo, halafu unamshukuru Mungu, na mazungumzo yanaendelea. Anayejisifu afya mbele ya mgeni anajiitia jicho la husuda. Mzee Yugu alilishika jambo hilo kuliko wote, kwa sababu kule kambini Sudan jirani yake mmoja alisema mbele za watu kwamba kuhara kule hakumwezi, na kabla ya wiki kwisha Yugu alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi lake. Tangu hapo mzee alikuwa anakufa kwa maneno kila asubuhi, halafu anapanda juu ya banda la kukaushia tumbaku kuezeka nyasi.

Kisha, kabla ya safari ya meli, akaja Anguyo na kalamu, akaketi, akanywa chai, akamuuliza afya yake, tena si kwa jumla, bali kiungo kwa kiungo. Mzee alimkirimu mgeni. Alimpa kila kitu kilichokuwamo nyumbani.

"Bwana Anguyo," Poni alisema polepole, maana alijijua, akianza kwa haraka hataweza kusimama, "wewe mutu ya hapa. Wewe si Mzungu. Mama yako iko namna gani leo?"

"Iko. Miguu tu nasumbua kidogo, na presha, lakini tunashukuru Mungu."

"Sasa nani analima shamba yake huko Manibe?"

Anguyo alicheka kidogo. "Yeye mwenyewe," alikubali. "Mama Sule, mimi naelewa. Lakini mama yangu hapana weka saini."

Hasira zilimpanda Poni hadi masikio yakapata moto. Alimwambia kwamba kalamu yake haina akili. Alimwambia kwamba mtoto mdogo wa Dranya angejua kuandika "mzima" pale mzee aliposema "kidogo". Alimwambia kwamba fedha ya bima walijua kuikata bila kumuuliza mtu tumbo lake liko namna gani. Anguyo alisikiliza yote na mikono yake juu ya meza, na Poni alipomaliza, alimmiminia maji. Poni aliyanywa kwa sababu koo lilikuwa limekauka, si kwa sababu amesamehe.

"Njia moja iko," Anguyo alisema. "Kampala wananiambia asubuhi. Mwenye kadi anaweza kusahihisha fomu yake mwenyewe kama siku thelathini hapana pita tangu meli kuondoka. Leo iko ishirini na nane. Yeye naongea kwa simu, mimi nasikia, mimi naandika, mkubwa ya posta anakuwa shahidi. Barua ya daktari inasema mwili yake ingine yote iko sawa. Kama yeye nasema alikuwa mzima, bas, wanalipa."

"Kusema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Lakini aseme wazi."

Poni alikuwa ameshasimama. Alimsamehe Anguyo papo hapo, akamsamehe na mama yake. Hakukuwa na uongo wowote wa kusema. Mzee aseme ukweli tu, sentensi moja, na vyerehani vingebaki sokoni.

Posta waliagiza simu ya Mwanza na wakakaa kwenye benchi wakingoja laini. Walingoja hadi Anguyo akaishiwa na maswali kuhusu watoto. Hatimaye karani akawaita, na baada ya muuguzi kwenda kumtafuta mzee uani, sauti yake ikaja, nyembamba, kana kwamba anaongea kutoka ndani ya mtungi.

"Poni? Watu ya nyumbani iko?" Alizungumza Kiswahili chake cha kambini; muuguzi alikuwa amemwambia kuna mtu wa bima anasikiliza.

"Wote iko, Baba. Wewe iko namna gani?"

Ilimtoka kwa mazoea, na alijuta kabla hajaimaliza.

"Bas, tunashukuru. Kidonda kidogo. Na hii mgongo, sijui ni kitanda ya hapa, na macho pia."

Anguyo, aliyekuwa ameinamisha sikio karibu na simu, aliinua kalamu. Poni aliisukuma kalamu ile pembeni.

"Baba, sikiliza. Hapana sema mgongo. Mutu ya bima iko hapa na mimi. Anataka kusikia kwamba mbele ya safari ulikuwa mzima. Sema hivi: nilikuwa mzima, sina ugonjwa yoyote. Maneno hayo tu."

"Niseme hivyo kwa mutu mimi hapana jua?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Hapa iko wagonjwa wengi, Poni. Wako karibu. Wanasikia."

"Waache wasikie."

"Mutu hapana sema hivyo. Mimi nasema nilikuwa naendelea vizuri kidogo. Huyo kijana ataelewa."

Anguyo alitikisa kichwa kwa huzuni. Karani wa posta akaonyesha saa ya ukutani. Poni alihisi machozi ya hasira, na aliyachukia, kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na minane na hakutaka kulia posta kwa ajili ya magoti na meno ya mtu mzima. Hapo akasema jambo ambalo alikuwa ameapa kumficha baba yake.

"Baba, Ijumaa nauza vyerehani."

"Nini?"

"Vyerehani. Hapana pesa ingine ya kukutoa huko. Mnunuzi iko tayari."

"Moja?"

"Yote mawili."

Laini ilikwaruza. Poni alifikiri imekatika, akaikandamiza simu sikioni hadi ikamuuma. Kisha akasikia baba yake anakohoa, na anamwambia mtu aliyekuwa karibu naye asogee kidogo.

"Mpe huyo kijana," alisema.

Anguyo alichukua simu, akamsalimu mzee, akamuuliza kwa utaratibu kama ilivyotakiwa. Poni aliweka sikio lake karibu. Mzee Yugu alijibu kwa sauti ya juu, sauti ya askari anayetaja namba yake mbele ya mkubwa.

"Mimi Yugu. Mbele ya meli nilikuwa mzima. Kichwa mzima. Kifua mzima. Mgongo mzima. Magoti mzima yote mbili. Tumbo mzima. Macho mzima, meno mzima, nalala vizuri." Akavuta pumzi, na Anguyo, aliyeshapata alichohitaji, alikuwa anataka kumshukuru, lakini mzee hakuwa amemaliza. "Katika Dranya yote hakuna mzee nguvu kama mimi. Andika hiyo."

Anguyo aliandika. Mkubwa wa posta aliweka saini yake pembeni na kupiga mhuri. Ilikuwa imekwisha, kazi ya dakika tatu baada ya wiki mbili za nauli, na Poni aliirudisha simu sikioni akiwa tayari kumshukuru baba yake na kumkaripia kwa pamoja.

"Ameandika?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa.

"Ameandika, Baba. Watalipa. Utatoka."

"Basi vizuri. Weka vyerehani yako. Poni, kama kitu inanipata sasa, wewe usijilaumu. Nimesema mwenyewe. Hapana ambia mama yako."

"Baba, acha maneno hayo."

Lakini dakika zilikuwa zimekwisha, na karani alikuwa ameshachomoa waya.

Anguyo alikuwa na furaha kana kwamba baba ni wake. Alieleza kuwa Kampala wangetuma fedha Mwanza ndani ya siku mbili, kwamba mzee angepanda gari la Bukoba, kisha Masaka, Kampala, Pakwach, na kwamba Mungu akipenda Jumatano ijayo angekuwa Koboko. Alisema ni njia ndefu lakini nzuri. Poni aliitikia kila kitu, akakunja nakala yake ya maelezo mara nne, akaisukuma ndani ya mkoba bila kuisoma.

Yeye hakuamini mambo ya jicho. Alisoma kwa masista wa Ediofe ingawa ni Mwislamu, na tangu utoto aliwacheka watu wa Dranya waliojifanya wagonjwa ili wasirogwe. Alikuwa bado amemkasirikia mzee kwa fomu yake, kwa mgongo wake wa uongo, kwa kumfanya aseme habari ya vyerehani posta, na zaidi kwa maneno yale ya mwisho, ambayo hakupewa hata nafasi ya kuyajibu. Alikasirika hadi mlangoni. Hapo akasimama, akageuka.

"Bwana Anguyo, hii bima yenu, inaendelea njiani? Mpaka afike nyumbani?"

"Hapana, Mama Sule. Iko ya meli na bandari tu. Njiani iko ingine."

"Nauliza tu," alisema Poni, akarudi akakaa kwenye benchi, akaitoa ile nakala mkobani na kuanza kuhesabu viungo vyote ambavyo mzee alisema ni vizima.