Neno Lililoshuka Ukutani

Bibi alifika hospitali asubuhi na mapema, mjukuu mgongoni, mwili wa mtoto ukiwaka kama pasi. Wakakaa mwisho wa benchi. Utaratibu wa pale ulijulikana: aliye mbele akiitwa, wote wanasogea nafasi moja. Mpaka adhuhuri walikuwa wamesogea mara moja tu.

Juu ya mlango wa daktari lilikuwapo neno la herufi za shaba: CURAMUS.

"Limeandikwa nini pale, mwalimu?" Bibi alimuuliza jirani yake, mwalimu mstaafu wa Kilatini aliyefungwa bendeji mguuni. Aliuliza ili asikie kitu kingine zaidi ya pumzi za mtoto.

"Tunatunza. Neno moja tu, kama letu. Ila sisi ile 'tu' tunaitanguliza, Kilatini kinaiweka mkiani: hiyo '-mus'."

"Na hiyo 'tu' ndiyo akina nani?"

Mwalimu aliutazama mlango. "Hapo, mama, kitenzi hakisemi."

Alasiri mtoto akaanza kutetemeka. Bibi akabisha hodi kwa daktari, akabisha tena. Mlango haukufunguliwa. Ndipo ile herufi C ikateremka ukutani, polepole, kama mtu mwenye goti bovu. Zilizobaki zikafuata. Watu wakabanana kuzipisha zikae.

"Leo zimewahi," alisema mfagiaji. "Mama, angalia hiyo R, ina ncha."

C ikajilaza kwenye paji la mtoto, baridi kama maji ya mtungi. A ikamkinga jua la dirishani. U zote mbili zikamshika nyayo. Mwalimu akajikongoja kusimama ili M ipate pa kukaa. Shaba moja ikipata moto, nyingine inaipokea. Bibi alikuwa akihesabu pumzi, anapotea, anaanza upya, mpaka jasho lilipomtoka mtoto, akaomba maji.

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoka na mkoba wake, akauona ukuta mtupu.

"Zirudishe," alimwambia mfagiaji. "Kesho tuna wageni."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akapita mbele ya benchi, akaenda zake.

Mfagiaji akaleta ngazi. Bibi alimpa herufi mojamoja, kila moja akiifuta kwanza kwa upindo wa nguo yake. Ilipofika C, mfagiaji akaikataa.

"Hiyo kaa nayo. Nitaitundika asubuhi."

Nafasi za herufi kwenye benchi zikabaki wazi. Benchi zima likasogea, kuukaribia mlango.