Jiwe Chini ya Masale

Witne aliamka kukicha. Nje, mwanawe Kaupa alikuwa ameshapigilia vigingi na kuvuta kamba, na mabati mapya yameegemezwa kwenye mivinje, yakingoja. Nyumba ilikuwa ijengwe pale tambarare, hatua chache tu kutoka kwenye safu ya masale mekundu, mimea ya mpaka, iliyotenga shamba lao la juu na shamba la Bomai la chini.

Katika mabonde yale ya Simbu hakuna mtu anayechimba shimo la nguzo karibu na mpaka kabla jirani hajaitwa. Jirani akija, huchimbwa chini ya isale moja, na pande zote mbili hulitazama jiwe la mtoni ambalo wazee walilizika hapo. Jiwe likionekana, mpaka una shahidi. Lisipoonekana, watu huulizana nani aliyepanda masale hayo; na swali hilo, ng'ambo ya kijito, lilikuwa limeua wanaume wawili na kuchoma nyumba tisa.

Witne alijua hakuna jiwe. Masale yale aliyapanda yeye.

Wala hakupanda kwa kuiba. Wakati ule alikuwa mke mgeni, mume wake yuko pwani kwenye mashamba ya minazi, na ukoo wa Bomai ulikuwa umekimbia vita na kuhamia kwa wajomba zao. Nguruwe wake jike alikuwa akifukua viazi kila siku. Basi Witne akakwea hadi kwenye safu ya masale ya zamani, akakata mashina ya masale kwa panga, akayachomeka huku chini yawe uzio. Vijiti tu vya kuzuia nguruwe. Kwao alikozaliwa walitumia mianzi. Hakujua kwamba shina la isale, hata likatwe kipande cha kiganja, likigusa udongo linaota. Mvua ikanyesha. Ukoo wa Bomai uliporudi baada ya miaka minne, masale yalikuwa yanafika kifuani, na ile safu ya juu, mpaka wa kweli, iliyokatwakatwa, ilikuwa imekufa. Wazee waliojua walikuwa wamefia ugenini; waliorudi wakasema, mpaka ndio huu. Yeye akanyamaza siku moja, kisha ya pili, na kimya kilipofika mwaka hakikuwa na mlango wa kutokea.

"Mama, mbona hujala?" Kaupa aliuliza.

"Nitakula baadaye. Kaupa, kwa nini usijenge huko juu, karibu na kahawa? Huku chini maji yatakuingilia."

"Maji gani, mama? Juzi ulisema huku chini ndiko pazuri."

"Juzi nilikuwa nasema tu."

Kaupa akacheka. Kabla Witne hajapata neno jingine, Bomai akatokea kwenye mivinje, jembe begani, kofia yake ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa umri wa Witne, mvi kidevuni, mwenye ulimi wa mzaha.

"Shemeji, umezeeka tangu jana," akamwambia. Akayagonga mabati kwa kidole. "Na wewe kijana, mvua ikipiga haya, hutamsikia mkeo akikutukana."

"Ndiyo maana nimeyanunua, baba."

"Akili unayo. Sijui umeitoa wapi, marehemu baba yako hakuwa nayo."

Wakacheka wote wawili. Witne alicheka kwa meno tu. Alikuwa akitazama kilima cha pili, ng'ambo ya shamba la Bomai, kwenye nyumba za wadogo zake. Gigmai, aliyekuwa mkali kuliko wote, alikuwa amekaa mlangoni akinoa shoka, kama alivyofanya kila asubuhi; lakini leo kila mkwaruzo ulimpita Witne mgongoni.

Kaupa akachagua isale nene la katikati, akachimba kando yake. Witne akahesabu makoleo. La tano, la sita. Akajiambia, likifika la kumi nitasema. La kumi likapita na mdomo haukufunguka. Akachuchumaa.

Koleo likagonga kitu.

"Hilo hapo," Bomai akasema, akapiga magoti na kulifuta udongo kwa kiganja. Lilikuwa jiwe la mviringo, ukubwa wa kichwa cha mtoto, upande mmoja mweusi kwa moto. "Wazee hao. Tazama, walilichoma kwanza."

Witne alilitazama jiwe. Alikuwa analijua. Lilikuwa jiwe la shimo lake la kuokea chakula kwa mawe ya moto, lile lenye ufa kama ukucha, lililopotea mwaka ule mumewe aliporudi kutoka pwani. Alilitafuta siku nzima. Alimlaumu mtoto wa dada yake. Mumewe alikuwa amekaa pale pale akivuta tumbaku, akamwambia, mawe yako mengi mtoni, mke wangu.

Kumbe mumewe alijua. Aliyaona masale, akaelewa, akanyamaza, kisha akazika shahidi wa uongo chini yake. Kosa lake la uzio mumewe alikuwa ameligeuza wizi.

"Basi," Bomai alisema, akijikung'uta magoti. "Chimba nguzo zako, mwanangu. Mimi nimeona."

Ilikuwa imekwisha. Angeweza kwenda jikoni. Ila wajukuu wake wangelala juu ya ardhi ya watu, na siku mtu atakapochimba choo huko juu na kulifikia jiwe la kweli, yeye atakuwa kaburini, na shoka halitamkuta yeye, litawakuta wao usingizini.

"Shemeji," akasema. "Hilo jiwe ni langu. Nilikuwa nalitumia kuokea."

Bomai akageuka. Kaupa akasema, "Mama, nyamaza."

Hakunyamaza. Alisema yote, nguruwe, panga, mashina, akiitazama mikono yake. Kisha akatembea hatua nane kupanda kilima, akasimama penye kisiki kilichooza cha isale la zamani. "Hapa. Hata mume wangu hakuthubutu kuligusa jiwe la wazee."

Bomai alichimba mwenyewe. Alichimba muda mrefu, na Kaupa alisimama amekunja ngumi, uso umekuwa wa majivu. Jiwe lilipotokea, lilikuwa jeupe, limefunikwa na mizizi kama wavu. Bomai akalifukia tena haraka, kama mtu anayefunika mtoto uchi. Kisha akatazama juu kwenye nyumba za wadogo zake.

Shoka lilikuwa limeacha kukwaruza. Gigmai amesimama.

"Anatuona tunachimba mahali pawili," Bomai akasema taratibu. "Anakuja. Kaupa, ng'oa kamba zako huko chini, zipeleke upande wa juu wa kisiki hiki. Usikimbie. Shemeji, una viazi kwenye majivu?"

"Vipo."

"Nipe. Akifika anikute nakula kwako. Akila na yeye, leo hatainua mkono. Kesho mtatoa nguruwe wa fidia, mkubwa mwenye meno, na nitasema mimi."

"Na asipokula?"

Bomai akaketi kando ya majivu, akanyoosha kiganja.

Witne alifukua viazi kwa vidole, hakuusikia moto. Gigmai alifika, shoka limening'inia mkononi, macho yakienda kwenye shimo la chini, la juu, kamba, uso wa kaka yake. Bomai alikuwa anatafuna. Witne akamega kiazi, akanyoosha nusu.

Gigmai alikitazama kile kiazi.

"Cha moto?" akauliza.

"Cha moto, baba."

Akaegemeza shoka kwenye mabati, akakipokea, akauma.

"Kaa chini," Bomai akamwambia, "maliza kwanza. Kisha nina neno."

Gigmai akakaa. Witne akarudi kwenye majivu, akatafuta kingine kikubwa zaidi.