Sukari ya Mama

Chupa nilizoziacha Ijumaa zikiwa na kimiminika chekundu, Jumatatu nilizikuta zimegeuka njano. Ndivyo seli za saratani zinavyoishi katika maabara yetu. Seli yenye afya, ikipata hewa, huichoma sukari ikaisha kabisa. Hizi zina hewa tele, lakini hula kwa pupa, huacha kazi nusu, hutema asidi na kutaka sukari nyingine. Asidi hiyo ndiyo inayobadilisha rangi. Kazi yangu ni kuzibadilishia chakula na kuosha vyombo, ingawa nyumbani wananiita Profesa, nami sijawahi kukataa.

Kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Mama alipoambiwa ana saratani ya tumbo, niliketi mezani nikajitia ujuzi: uvimbe unakula sukari, basi tuunyime. Dada yangu mkubwa, anayeishi na mama, aliyachukua maneno yangu kama yalivyo. Aliondoa sukari, kisha wali, mkate, viazi, hata ndizi mbivu. Kwa wiki sita mama alikula mboga za kuchemsha shingo upande, na dada, kwa kumwonea huruma, alikula hizo hizo.

Jumatano tulimpeleka kliniki. Mzani ulisoma kilo arobaini na moja. Daktari alituita pembeni, mimi na dada, akasema mama akipungua kilo mbili tena atasimamisha dawa, maana mwili hautaihimili. Aliuliza anakula nini. Dada alimtajia kila kitu kwa fahari, mimi nikatazama viatu vyangu.

Tuliporudi nilimfuata dada jikoni. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Nilimweleza kwamba mwili ukinyimwa sukari huitengeneza wenyewe, hata kwa kuyeyusha misuli, na uvimbe huendelea kupata chakula chake.

"Kwenye chupa, nikikata sukari, seli zinakufa," nilisema. "Nikasahau kwamba mama si chupa."

Dada aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo wiki zote hizi nilikuwa naulisha nini huo uvimbe?"

"Nyama ya mama."

Hakunitukana. Ningeona afadhali angenitukana. Alipika uji wa maziwa, akautia vijiko viwili vya sukari, akanikabidhi bakuli na kuniambia nikampe mwenyewe.

Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu. Aliuonja kwa ncha ya ulimi, akafumba midomo.

"Huu una sukari."

"Ndiyo, mama. Nilikosea."

"Mwanangu, mimi nataka kupona. Nimejinyima kwa sababu wewe unayaona hayo madudu kwa macho yako. Leo unaniambia nini?"

Nilimweleza upya, polepole, bila maneno makubwa. Nilimwambia ya misuli, ya mzani, na alichosema daktari kuhusu dawa. Aliniacha nimalize, halafu akamtazama dada, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wewe unasemaje?"

Nilijua kwamba neno la dada ndilo lingesikilizwa sasa. Alikuja, akanipokea bakuli taratibu, akaketi mahali pangu. Alipuliza kijiko.

"Kula, mama."

Mama alifumbua kinywa, bila kunitazama.