Herufi za Tunu

Kwenye fonti mimi sina msalie Mtume. Nenda stationari nyingine hapa Nachingwea, utaletewa kadi ya harusi ina fonti sita, kila mstari na nguo yake, utadhani mnada. Kwangu ni mbili tu. Moja nene, iliyobanana, ya kupigia kelele. Nyingine nyembamba, yenye vijiguu kwenye ncha za herufi, ya kuzungumza na mtu taratibu. Zikifanana sana zinagombana, zikitofautiana bila mpango zinamchosha msomaji. Hiyo ya vijiguu niliitafuta mtandaoni mpaka macho yakaniuma, na sijaiona kwa mtu mwingine wilaya nzima. Siku ya shughuli yenyewe naiandika kwa mlalo, herufi zimeinama, kwenye mstari wake peke yake, nimeiachia nafasi juu na chini. Matangazo ya ushirika, ya huku na ya kule Ruangwa, mengi yanatoka kwangu. Hata wasiojua kusoma wakiona karatasi mlangoni wanasema, "Herufi za Tunu hizo, korosho zina habari."

Basi mama mdogo Swaumu alipoingia dukani asubuhi ile, katoka kijijini kwake Narung'ombe kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, nilifurahi. Ndiye mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na darasani hajakaa hata siku moja. Mume wangu Anuari alikuwa kwenye kompyuta. Akainuka haraka, akachuchumaa kumwamkia kama mkwe mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?" Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi. "Nimeikuta imebandikwa mlangoni kwangu. Nikaona herufi zako, Tunu, nikasema huu mkutano wa ushirika. Lakini mbona nimebandikiwa peke yangu? Nisomee, mwanangu. Mkutano lini?"

Nikaikunjua. Kabla sijasoma neno, macho yalishatambua. Nene juu. Vijiguu chini. Siku kwenye mstari wake, kwa mlalo, imeachiwa nafasi. Mpangilio wangu kabisa, ila karatasi ile sikuitengeneza mimi.

Nikasoma kimoyomoyo. SWAUMU MCHAWI. Umemaliza watu wa hapa. Hama. Ukikutwa humo ndani utaungua na nyumba yako. Halafu, peke yake, kwa mlalo: Ijumaa.

Kompyuta ile tunaishika watu wawili tu. Mimi, na huyo niliyemfundisha mwenyewe, nikimpiga vikofi vya mkono kila akichanganya fonti tatu. "Mbili tu, Anuari! Na siku ipe nafasi yake!" Jamani, alikuwa amefaulu. Ingekuwa ya mteja, ningeipokea bila kuigusa.

Tangu msimu uliopita alikuwa akimbembeleza mama mdogo aiweke mikorosho rehani, yeye anunue gari la mizigo. Mama alikataa. Mikorosho ni ya ukoo, akasema, na ikitoka kwake inakuja kwangu. Anuari alicheka tu siku ile, akaniambia tukiwa njiani, "Mwanamke anaishi peke yake, korosho zake zinazaa vile, watu watasema." Nilidhani ni hasira za mtu aliyenyimwa.

"Msomee mama," akasema sasa. Alikuwa amehamia mlangoni, mikono kifuani, anatabasamu. "Soma kwa sauti, na sisi tusikie."

Niliogopa. Sisemi woga wa kusikia fisi. Niliogopa mtu ninayempikia. Nikisema ni mkutano, mama atarudi kulala kwenye nyumba yake ya nyasi mpaka Ijumaa. Nikisoma kama ilivyo, atakimbia, na mikorosho ataisimamia nani? Mume wa mrithi. Na nikisema nani kaiandika, jioni nitafunga duka na kurudi naye nyumba moja.

"Mbona husomi? Kuna msiba?" akauliza mama.

"Keti kwanza, mama."

"Sikai. Soma."

Nikasoma. Yote, mstari kwa mstari. Rozalia, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa pale anasubiri kutoa kopi, naye akasikia kila neno. Nilipomaliza nikanyoosha kidole mlangoni. "Na aliyeandika ni huyo. Ni Anuari."

Nikangoja mama apige yowe. Hakupiga. Hakumtazama hata Anuari. Alinitazama mimi.

"Tunu, hizi herufi ni zako."

"Ni fonti zangu, mama, lakini si mimi niliyeandika!"

"Kusoma sijui, ila si kipofu. Narung'ombe nzima inajua kazi yako." Akarudi nyuma hatua moja, karatasi ile katikati yetu. "Mikorosho ni yako, mwanangu. Si ungeniambia tu umechoka kusubiri nife?"

Nilitaka kulia, sikupata hata chozi. "Rozalia, mwambie!"

Rozalia akaichukua karatasi, akaitazama, akatazama kadi zangu zilizobandikwa ukutani, kisha akatazama chini. "Mh. Ni zako kweli, dada," akasema kwa upole.

Hapo ndipo nilipoelewa, na woga wa mwanzo nikauona mdogo. Angeweza kuandika kwa mkaa. Angeweza kuandika kwa kalamu ya mtoto wa shule. Alichagua fonti zangu makusudi, kwa sababu alijua mama hatasoma maneno. Atasoma sura ya herufi, na ile sura ni mimi.

Anuari akasogea na uso wa huruma. "Mke wangu, umefanya nini?" Akamshika mama bega, mkono mwingine ukachukua ufunguo wa pikipiki mezani. "Twende, mama, nikurudishe nyumbani. Nitakaa huko huko mpaka Ijumaa ipite. Nikiwepo mimi hakuna wa kukugusa."

"Mungu akubariki, baba," mama akasema, machozi yanamtoka.

Nilipiga kelele. Nilimvuta kanga nikimwambia usipande, mama, huyo ndiye! Akanipiga mkono kama anayefukuza kuku. Watu wakasimama barabarani. Walichokiona ni mwanamke anamrarua mama yake nguo, na mume mtu anamsaidia mama mkwe wake kupanda pikipiki. Nani angenisikiliza? Nilimtupia Rozalia simu yangu. "Mpigie mwenyekiti wa kijiji," nikamwambia. "Kama huniamini, usiniamini, lakini piga!" Aliidaka, ila sikuona kama anaibonyeza.

Pikipiki ilishawaka. Nikakimbia nikarukia nyuma ya mama, mshikaki wa watu watatu, ndala moja imebaki mchangani. Anuari akageuza shingo. Hakuwa akitabasamu tena. Alinitazama kidogo tu, akaongeza mafuta.

Tuliacha maduka, tukaacha nyumba za mwisho, ikabaki mikorosho huku na huku na vumbi letu nyuma. Nilimzungushia mama mikono kiunoni, kwa sababu nisingeweza kumwachia aende peke yake na mtu yule, na pale kwenye mbavu nikausikia moyo wake unakwenda mbio. Nikamwambia sikioni, "Mama, usiogope, nipo." Akashtuka mwili mzima. Kila nilipomkaza alizidi kujivuta mbele, akimkumbatia Anuari kwa nguvu zake zote.